Filimbi Ikilia, Ingia Ndani

Mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mtoto wake aliyethubutu kuichezea. Filimbi ikilia, ingia ndani. Funga komeo la juu, funga la chini, sukuma cherehani mlangoni, nyamaza. Ukiitwa jina, nyamaza. Wakisema kuna moto, nyamaza zaidi.

Hilo la moto halikuwa wazimu wake. Tulipokuwa wadogo pale mtaa wa Umoja, wezi walikuwa na ujanja wa kusimama katikati ya ploti, kwenye ua wa pamoja, na kupiga kelele, "Moto! Moto!" Watu wakifungua milango wakimbie, wanakutana na mapanga. Jirani yetu mmoja alifungua hivyo akapoteza redio, godoro na meno ya mbele. Kukazuka pia habari kwamba wanapuliza dawa dirishani ili watu walale fofofo, kwa hiyo harufu yoyote ngeni ikawa ni wezi. Basi kila nyumba ikaning'iniza filimbi kwenye msumari karibu na mlango. Ukiona mwizi unapuliza, jirani anapokea, na wanaume wanatoka na rungu huku akina mama na watoto wakijifungia. Baba, aliyekuwa mtu wa reli, alikuwa akitoka na spana kubwa ya kazini. Alipofariki, Mama aliweka panga chini ya kitanda na hatukulizungumza tena.

Miaka ikapita, yakaja mageti na walinzi, na filimbi zikapotea. Ya Mama ilibaki kwenye msumari wake.

Halafu jiji likapata ufadhili wa kujiandaa kwa majanga. Nilicheka sana niliposikia. Mimi ni mtu wa kucheka mapema, na ufadhili nilikuwa nimeuona wa kila aina, unaanza na bango na kuishia kwenye fulana. Safari hii nilicheka bure. Gari jipya la zimamoto liliwekwa karibu nasi, vibanda vilivyoziba njia ya kuingia mtaani vikasogezwa, na watu wa mtaa wakaitwa ukumbini kanisani kufundishwa jinsi ya kumhudumia majeruhi kabla wataalamu hawajafika.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa bado anaishi na Mama na kuuza nguo za mitumba kando ya barabara. Alijiandikisha kabla ya watu wote. Kila jioni alirudi na somo jipya, na Mama ndiye aliyekuwa mgonjwa wa mazoezi. Alifungwa bendeji kichwani, mkono ukatundikwa shingoni, akalazwa kwenye mkeka na kugeuzwa ubavu. "Usikaze hivyo," alimwambia, "mimi si mzigo wa basi la Busia." Lakini alikuwa anaona fahari. Ile jaketi ya kung'aa waliyopewa aliifua yeye mwenyewe, akaianika mbele kabisa ambapo kila mpangaji angeiona.

Siku waliyomaliza mafunzo nilikuwa pale nakunywa chai. Mdogo wangu alimwaga vitu vyake vyote juu ya meza, mkoba wa dawa, glavu, tochi, na filimbi nyekundu yenye kamba.

"Na hii?" Mama aliuliza.

"Hiyo ni ya dharura, Mathe. Kukiwa na noma, napiga, watu wanajua."

"Afadhali," Mama akasema. "Hawa wezi wameanza kurudi."

Tulicheka, mimi kuliko wote. Nikamwambia mdogo wangu kuwa sasa ameajiriwa kuwa soja wa kulinda ploti. Mama akacheka pia, akaongeza chai. Hakuna aliyemwambia, hapana Mama, hii ni ya kukutoa nje. Ningeweza kulisema mimi, nilikuwa na mdomo mtupu na muda tele. Najuta sana kile kicheko.

Moto wenyewe ulitokea Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa naenda kwa Mama na mkate kwapani, nimefika kwa muuza mboga, niliposikia mlipuko. Mbele ya ploti kulikuwa na duka la gesi. Nyumba ya Mama ilikuwa nyuma kabisa, ile ya asili iliyojengwa mtaa ulipoanza, na mbele yake mwenye ploti alikuwa ameongeza vyumba mpaka ikabaki koridoo moja tu ya kutokea.

Nilipofika getini mdogo wangu alikuwa ametoka kwa jirani mbio, jaketi mwilini, filimbi mdomoni, anapuliza kama walivyomfundisha. Wapangaji vijana walimiminika nje na watoto wao. Kisha, kutoka upande wa nyuma walikoishi wazee, nikasikia sauti niliyokuwa sijaisikia tangu utotoni. Ilikuwa sauti ya makomeo.

Naye aliisikia. Aliitema ile filimbi, akaingia koridoo anagonga milango kwa ngumi. Mzee mmoja alifungua, kisha mama mmoja na mjukuu wake. Mlango wa Mama ulikuwa wa chuma, na haukufunguka.

"Mathe, fungua! Ni mimi! Kuna moto, Mathe, haki ya Mungu!"

Yalikuwa maneno yale yale Mama aliyotufundisha tusiyaamini. Nami nikafika nikayarudia, nikataja jina langu, nikataja la marehemu Baba. Kila tulichosema kilizidi kutufanya wezi. Moshi ulikuwa umejaa koridoo hata sikumwona tena mdogo wangu, nilimsikia tu akikohoa na kuita.

Wazimamoto walifika upesi, upesi ambao mtaa wetu haukuwahi kuuona, na hilo nalisema kwa haki. Walitutoa nje wakaingia na mtaimbo. Walipomleta Mama, mdogo wangu alipiga magoti kwenye lami akamkandamiza kifua kwa mikono yote miwili, barabara kabisa, akihesabu kwa sauti. Aliendelea mpaka mmoja wao alipomshika bega na kumwinua.

Baada ya mazishi watu wa mradi walikuja kutupa pole. Walikaa kwenye viti vya plastiki vya kanisa, wakaonekana wamechoka kweli. Mmoja wao akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwani hapa kwenu filimbi ina maana gani?" Mdogo wangu akawaeleza yote, tangu wezi wa zamani, bila kulaumu mtu. Walizikusanya filimbi zote. Siku hizi wanatumia honi ya mkononi, na wanapita nyumba kwa nyumba kuielezea, wakianza na wazee. Mdogo wangu ndiye anayewaongoza. Mimi sijui anapata wapi nguvu hizo.

Waombolezaji walisema Mama alichelewa tu kuelewa kuwa ni moto kweli. Walitaka kutufariji, nikawaitikia. Lakini niliingia ile nyumba kabla haijasafishwa. Haikuungua, ilikuwa nyeusi tu kwa moshi. Cherehani haikuwa mlangoni. Ilikuwa imerudishwa nyuma, na mkeka umejikunja pale miguu ya cherehani ilipoburutwa. Yule aliyevunja mlango aliniambia komeo la juu lilikuwa limeshafunguliwa, na kwamba walimkuta ameinamia la chini, panga mkononi.

Mtu anayekimbia moto hachukui panga. Mama alikuwa amesikia sauti ya mtoto wake mlangoni, akaamini wezi wamemshika. Akaivunja sheria yake mwenyewe, akawa anatoka kwenda kumwokoa.