Gunia la Mwalimu

Juma lililopita, pale Ipogolo, huku nyanda za juu, nilipewa lifti na mwalimu mmoja mstaafu. Alikuwa akienda Morogoro na mkewe kumwoza binti yao jioni ileile. Baridi ya Juni ilikuwa kali, naye alikuwa amefunga gunia mbele ya rejeta inayopoza maji ya injini, ili injini isipigwe na upepo. Alikaza kamba, akalipapasa gunia kama mgongo wa mtoto.

"Fundi wa gari hili ni mimi mwenyewe," aliniambia.

Tulipomaliza kuteremka mlima wa Kitonga, joto likatupokea. Mwalimu akavua koti huku akiendesha. Mimi nikavua sweta. Mama, aliyekaa katikati yetu, akakunja blanketi lake, kisha akauliza taratibu, "Baba, na gari je? Si tulivue lile gunia?"

Mwalimu akanikonyeza. "Mama, mambo ya injini niachie mimi."

Nikacheka naye, wanaume wawili.

Hatukufika mbali. Mvuke ulifoka, injini ikagonga mara tatu, ikazima, wala haikuwaka tena. Mwalimu alishuka akafungua kamba zake, akalikunja gunia vizuri, akabaki amelishika kifuani. Mama alikaa kando ya lami, hakumlaumu mtu. Malori yalitupita yamejaa mizigo hadi jua likazama, na binti akaozwa bila wazazi wake.

Wenye magari, fungeni magunia, baridi bado ipo. Ila mkianza kuvua masweta, msikilizeni aliyeketi kando yenu. Mwalimu angalau alikuwa na gari la kushughulikia. Mimi kazi yangu ilikuwa kucheka tu.