Nepi Iliyopunguza Mbuzi

Tangu nipasuliwe tezi dume, mkojo wangu hauombi ruhusa. Nepi za kutupa nilizijaribu. Bei yake inauma, na ukiinuka zinapiga kelele kama mfuko wa nailoni. Mke wangu akanishonea za kitambaa, mikunjo minne, pini kiunoni.

Wiki iliyopita nilivaa moja chini ya kanzu, nikaenda Rubya kumposea mpwa wangu mchumba. Wakwe walitaka mbuzi kumi, mimi nilisema watano. Na kwao, msemaji akitoka nje kabla ya makubaliano, amekubali bei ya waliobaki. Basi wakanimiminia rubisi, pombe yao ya ndizi, wakisubiri nikimbilie chooni.

"Waitu, ndugu yetu, ongeza kikombe kidogo!" wakanihimiza.

Nikaongeza. Nikatulia kama jiwe. Mwishowe msemaji wao ndiye aliyetoka mbio, na mbuzi wakawa watano.

Nikasimama kwa madaha kumpa baba wa binti mkono. Pini ikafyatuka. Nepi ya maua mekundu, nzito kwa ukarimu wao, ikatua juu ya kiatu changu.

"Kumbe ulikuja na choo chako!" mzee akapaza sauti.

Nikaiokota kwa heshima zote. "Ndiyo, mkwe. Na mbuzi ni watano."