Kulaza Taa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira hizo huja mbio zaidi mtu akilaumu kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Nalisema mapema ili usinihurumie kabla ya wakati.

Mama mdogo, aliyemfuata mama yangu kuzaliwa, alifiwa na mume akabaki na mtumbwi mmoja wa kuvulia ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Mtumbwi huo ulikuwa na kapita, yaani kiongozi wa wavuvi, mzee aliyeushika tangu mimi nikicheza mchangani. Miaka yote alivua kwa karabai, zile taa zenye pampu zinazowaka kwa mafuta ya taa, ambayo huku tunayaita petroli. Petroli ilipoanza kupatikana kwa kubahatisha, mama mdogo akanijia, maana nilisomea umeme Bukavu na sasa natengeneza redio hapa Baraka karibu na soko.

"Mutoto yangu, unitengenezee taa ya betri," akasema. "Lakini iwe inalala."

Kulala ndilo neno zima la kazi hii. Mwanga mkali huwaita ndagala, lakini wanakaa wametawanyika. Kabla ya kuvuta wavu, kapita hupunguza mwanga polepole, nao hujikusanya chini ya taa na kupanda juu. Mwanga ukiruka ghafla, wanazama wote na wavu unarudi na maji.

Taa za LED zenye nguvu hazitaki umeme wa ovyo. Wengi huzitia kizuizi kinachogeuza sehemu kubwa ya betri kuwa joto. Kama unataka kuchemsha chai, sawa. Mimi nilitaka saketi inayokata umeme vipande vidogo, haraka kuliko jicho, kisha koili ivilainishe kuwa mkondo mmoja uliotulia. Koili niliizungusha mwenyewe juu ya kiini nilichotoa kwenye televisheni iliyokufa. Ya kwanza ilipiga kelele kama mbu. Ya pili iliunguza transista mbili na kidole changu. Ya tatu ikanyamaza. Nikapima umeme unaoingia na unaotoka, nikakuta kinachopotea ni kidogo mno. Baada ya saa nzima chuma cha kupozea kilikuwa vuguvugu tu. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikazungusha kifundo cha kuongeza na kupunguza mwanga, na mwanga ukashuka taratibu hadi ukawa kama kaa la jikoni, bila kupepesa hata mara moja. Nilicheka peke yangu mle ndani. Sijui kama nimewahi kujipenda kama mchana ule.

Asubuhi ya kwanza mtumbwi ulirudi na samaki wa beseni moja. Asubuhi ya pili hata beseni halikujaa. Wavuvi walisema taa inawaka vizuri, ila kapita akianza kuilaza, inapasua mwanga na samaki wanakimbia. Mmoja akamwambia mama mdogo waziwazi:

"Taa haina mubaya, Mama. Mukono ya muzee ndiyo iko na mukosi. Kama ni yeye, sisi tunaenda kuvua Kazimia."

Mama mdogo hakuwa na watu wengine wa kuvuta wavu. Ilimbidi achague kati yao na mzee. Na mimi nikamwaga petroli motoni: nikasema mbele ya wote kwamba chombo changu nimekijaribu, hata mtoto angekizungusha. Mzee alinitazama kidogo.

"Pengine ni vile, binti yangu," akasema, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

Mama mdogo hakuwa na moyo wa kumfukuza. Alimleta kwangu mchana uleule, pamoja na taa, akaniomba nimfunze mara ya mwisho. Nikaziba tena dirisha. Nikawasha taa kwa mwanga wa katikati, kama walivyoiweka ziwani ili kutunza betri.

"Ilaze, Papa. Polepole, sawa vile unafanyaka kule."

Akashika kifundo kwa upole kabisa, akakizungusha kulia. Mwanga ukatupiga machoni, naye akazidi kukipeleka kulekule.

"Papa, mbona unapeleka kuume?"

"Taa inalalaka kuume," akasema. "Unafunga petroli."

Kwenye karabai, kuzungusha kulia ni kufunga. Kwenye redio zangu, kulia ni kuongeza. Siku ya kumkabidhi taa nilimwambia azungushe tu, itashuka. Upande sikuutaja, maana haukunijia akilini. Kila mwanga uliporuka, mzee alizidi kufunga, na ndivyo kila mwenye karabai angefanya. Nyani haoni kundule, na nyani huyo nilikuwa mimi.

"Basi nilikosea upande," mzee akasema. "Nitajifunza kushoto."

Ningeweza kumwachia kosa hilo. Alikuwa amekwisha kulibeba mwenyewe. Nusura nimwachie. Niliona haya, nikawasha chuma cha kuchomelea, nikabadilisha nafasi za nyaya mbili za pembeni za kifundo. Kazi ya dakika chache. Kuanzia hapo taa ikalala kulia.

Jioni, wavuvi walipokuwa wanapanga wavu, nilisimama mbele yao.

"Mukono ya muzee haina mukosi," nikawaambia. "Mi ndiye nilifunga taa kinyume. Yeye alifanya vile kazi inaomba."

Walicheka. Mmoja akauliza kama kule Bukavu hawafundishi kuume na kushoto. Nilistahili. Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wake.

"Mi nilifikiri ni uzee," akasema. "Jana niliambia bibi yangu kama mukono umekwisha. Alishafunga nguo zetu, tuende kukaa kwa mutoto wetu wa Kilembwe."

Kisha akaingia mtumbwini, na wale waliotaka kumkimbia wakasogea kumpisha mahali pake penye taa.