Gereji Iliyokosa Njia

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Nyacheki kumzika jirani yetu, na kitu ya kwanza niliona nikiteremka ile njia ya shamba ni ile gereji ya mpakani, yetu na yake, imekatwa nusu. Vijana wa jirani walihitaji mabati ya kufunika mahali pa wageni wa matanga, wakabomoa upande wao wote, mabati na miti. Upande wetu ukabaki umesimama hivyo, kama mtu amenyolewa nusu ya kichwa halafu kinyozi akapigiwa simu. Nilicheka, rafiki yangu. Mimi hucheka kwanza, ndiyo maana shuleni walikuwa wananichapa hata siku sijakosa. Halafu nikaona ukutani bado kuna picha ya gari, mbele tu, nyuma imeenda na ukuta wa jirani. 

Baba yangu na huyo jirani hawakuwa na gari. Hata toroli ya kubeba mbolea ilikuwa ya kuomba. Walikuwa na baiskeli mbili nyeusi, zile nzito, na wazimu moja ya kugawana. Baba ni Msabato, jirani alikuwa Mkatoliki, kwa hivyo siku yao ilikuwa Jumapili, misa ya kwanza ikiisha. Jirani alikuwa anafika kwetu na suruali ya kanisa, ameifunga chini na kamba ya mgomba isiliwe na cheni, anapiga kengele mara tatu. Mama anampatia baba viazi vitamu vimefungwa kwa jani la ndizi, bado vinatoa moshi, na wanatoka. Hawabebi ndizi, hawabebi majani chai, hawaendi kuona mgonjwa. Watu barabarani walikuwa wanauliza, "Mnapeleka nini?" Jirani anawajibu, "Tunapeleka magoti."

Mimi nilikaa kwa keria ya baba, msichana wa jirani kwa keria ya babake. Unajua milima yetu. Kupanda, wazee walinyamaza, unasikia tu cheni na pumzi. Kuteremka, breki hazikuwa na habari na sisi, kwa hivyo baba alikuwa anakanyagia tairi ya nyuma na kiatu, na ile harufu ya mpira kuungua mpaka leo ikinipata mahali nahisi njaa ya viazi. Msichana wa jirani alijua kuendesha akiwa darasa la tatu, mguu umepita chini ya chuma cha katikati kwa sababu hafikii kiti. Mimi nilijua miaka miwili baadaye, na nilijulia ndani ya majani chai ya watu.

Huko njiani ndiko gereji ilizaliwa. Kila gari ikiwapita, walikuwa wanaizungumzia mpaka soko la Nyakoe. Mwishowe wakakubaliana watanunua moja, ya wote wawili, na nyumba yake ikae pale mpakani, futi sita zetu, futi sita zao. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anafikiri ni uongo. Kwetu mpaka ni kitu ya kupigania na panga, na hawa wawili waling'oa miti ya mpaka wakicheka. Wakasimamisha miti, wakaezeka mabati, mama na mke wa jirani wakapaka udongo, kila mmoja nusu yake, wakisimangana nani anapaka vibaya. Tukabandika picha za magari za gazeti na uji mzito wa unga. Wakachimba shimo la fundi kusimama chini ya gari. Mvua ikanyesha, likawa la vyura.

Walikosana mara moja tu wakijenga. Usukani uko kulia, na kulia ni kwetu. Jirani akamwambia baba, "Mosani, yaani mimi rafiki yako nitakuwa napandia kwa mlango wa abiria nyumbani kwangu?" Baba alifikiria siku mbili. Wakaamua wiki moja gari iingie na mdomo, wiki nyingine na mgongo, ili usukani ulale kwa kila mtu kwa zamu. Watu wazima hao, na kofia kichwani.

Shida ilikuwa njia. Kutoka barabara mpaka gereji ni majani chai, yetu huku, yao huku. Kila mmoja lazima ang'oe mstari mmoja. Jirani aling'oa wake Jumatatu, peke yake, na mke wake akampikia mboga bila chumvi wiki nzima. Baba alikuwa ang'oe wetu Jumapili. Nilimwona akienda na jembe. Mama alikuwa amesimama kwa huo mstari na kikapu mgongoni.

"Huu ndio sekondari ya huyu," akasema, akanionyesha na kidevu. "Sasa chagua. Gari yenye haiko, ama mtoto mwenye yuko."

Baba akaniangalia. Mimi nilikuwa nalamba maji ya muwa kwa kiwiko. Kama kuna siku ningepaswa kukaa kama mtu wa maana ni hiyo. Akaangalia sana, halafu akaweka jembe chini.

Jirani alingoja Jumapili nne. Ya tano akapiga kengele, lakini hakushuka.

"Mosani, mstari wangu umekauka huko nje. Wako unakunywa mvua."

"Wacha kijana asome kwanza," baba akasema.

"Na huyu wangu? Wewe ulifikiri mimi nimeng'oa nini?"

 Msichana alikuwa pale kwa keria, ananiangalia. Alimaliza darasa la nane mbele yangu kwa kila somo, na sekondari hakuenda. Mimi nilienda.

Tangu siku hiyo hakuna kengele. Lakini hawakuacha kuendesha, na hapo ndipo roho huniuma. Barabara ni moja. Jumapili baba alikuwa anakaa mlangoni amevaa viatu, viazi mfukoni, anasikiliza. Cheni ya jirani inapita, inapanda kilima, inapotea. Anahesabu kidogo, ndiyo anatoka. Miaka yote hiyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, kila mtu na milima yake.

Na mimi na huo mstari? Niliufikisha form two. Usifikiri ni karo, karo ililipwa. Kichwa yangu ilikuwa inakubali spoki za gurudumu kuliko hesabu. Nilikuwa natengeneza baiskeli ya mlinzi wa shule wakati wenzangu wako darasani, na siku moja nikaona afadhali nitengeneze za watu wenye wanalipa. Nikaenda Nyakoe, mbali na macho ya kwetu, nikaanza kuziba pancha. Bado naziba. Baba hakunigombeza. Ila siku moja nimerudi, niko jikoni nakula, nikasikia jirani akiuliza kutoka kwa majani yao, neno la kwanza kwa miaka:

"Kijana amefika wapi na masomo?"

"Amemaliza," baba akajibu. "Ni mwalimu."

Nikarudisha tonge la ugali kwa sahani.

Sasa kwa matanga, msichana wa jirani, saa hii ni mama ya watu, akaniletea chai. "Mwalimu, kaa hapa kwa kivuli."

Nikamwambia, "Dada, wewe unajua mimi si mwalimu."

"Sote tunajua. Baba yetu alikuona Nyakoe kitambo, umelala chini ya baiskeli ya mtu. Alirudi akatuambia, huyo ni mwalimu, na asisikie mtu wa hii boma akisema ingine."

"Kwa nini?"

"Alisema babako akijua tunajua, atashindwa kupita hapa na baiskeli."

Akaenda kugawa chai. Hakuna mahali alionyesha ananidai kitu, na nilitamani angenitusi.

Jioni nilimwambia baba. Nilifikiri nisimwambie, lakini mimi sijui kubeba kitu bila kumwaga. Alikaa akiangalia ile gereji nusu, halafu akauliza, "Alipokuona, ulikuwa unafanya kazi vizuri, ama umekaa tu?"

"Sijui, tata," nikamjibu baba. "Siku zingine hukaa."

Akatikisa kichwa. Hivyo ndivyo urafiki wao uliishi, baba anamficha jirani kwamba mstari ulienda bure, jirani anamficha baba kwamba anajua. Gari wangeweza kukosa, hata sisi tulizaliwa bila. Zile Jumapili ndizo hakuna duka inauza.

Nilikaa wiki moja nyumbani. Jumapili nilimpigia baba pampu, nikapaka cheni mafuta, nikaegemeza baiskeli mlangoni. Alikuwa amevaa viatu, viazi mfukoni, anasikiliza barabara. Jua likapanda, likafika katikati, hajasimama.

Nikamwambia, "Tata, huendi?"

Akasema hajui atoke saa ngapi.