Baba Niliyemzidi Miaka Saba

Mimi nina mdomo, sitakataa. Mwaka ule wa 2012 nilikuwa msusi kwenye saluni moja ya Greyville, huku ugenini kwa Wazulu, na kinyozi wa duka la jirani nilikuwa namtuma kama nimemzaa mimi. "Wee, nenda kaninunulie mkate! Wee, punguza huo muziki!" Alikuwa na miaka ishirini na minne, mimi thelathini na mmoja, wote tumetoka Kongo, yeye Uvira, mimi Kalemie. Aliniita dada mukubwa, na alitii. Ni yeye aliyenikutanisha na mchumba wangu, dereva wa malori ya kontena pale bandarini. Hao wawili walipanga chumba kimoja, wakala sahani moja, wakatukanana kutwa kwa mapenzi.

Mchumba alipotaka kunioa, shida ilikuwa moja tu: sikuwa na baba wa kunitoa. Baba yangu alikuwa marehemu, ndugu zake vita viliwatawanya, na mama alikuwa Kalemie akilia kwenye simu. Kwetu wakwe wakija kuposa, lazima akae mtu wa upande wa baba, aulizwe, ajibu. Asipokuwepo utaolewa, ndiyo, lakini siku mkigombana utaambiwa uliokotwa njiani, na watoto wako watayasikia hayohayo. Mchungaji wetu alijitolea kukikalia kiti hicho. Nilimshukuru, nikakataa. Mchungaji ni baba wa kanisa zima, na mimi nilitaka baba wa kwangu.

Basi shangazi wa mchumba, mama mmoja wa Isipingo anayeuza vitenge, akatumwa kunichunguza ukoo. Hakuzunguka. Alikuja kusuka. Akakaa kwenye kiti changu, akanipa kichwa chake, na kila nilipovuta unywele naye alivuta neno. Babu yako alizaliwa wapi? Nikamwambia Uvira, alikwenda Kalemie angali kijana kutafuta kazi ya reli, na hakurudi tena. Mama yake alikuwa mke wa ngapi? Wa kwanza. Mke wa mzee gani? Nikamtajia jina la baba wa babu yangu. Nililijua kwa sababu tu marehemu baba alikuwa akiapa kwa jina hilo.

"Toa mikono kichwani kwangu," akasema.

Nilidhani nimemuumiza. Kumbe jina lile alikuwa ameshalisikia kwa kinyozi, maana mama huyu hakukutana na mtu wa Uvira bila kumuuliza ukoo wake mpaka mizizi. Akanigeukia, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akaanza kunihesabia kwenye vidole. Yule mzee alikuwa na wake wengi. Mke wa kwanza alimzaa babu yangu, mtoto wa kwanza kabisa. Mke wa mwisho, aliyeolewa mzee akiwa na mvi tayari, alimzaa mtoto wa mwisho, na huyo ndiye baba wa kinyozi.

"Kwa hiyo ni binamu yangu?"

"Binamu gani! Babu yako na baba yake ni mtu na mdogo wake. Baba yake ni babu yako. Haya, yeye mwenyewe ni nani?"

Nilikaa. "Baba mdogo," nikasema, na sauti ilitoka kidogo sana, mimi ambaye nikiita mtu wananisikia mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani.

Mwenye saluni, mama wa Kizulu, akataka kujua kuna nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kubabaisha: babu, mke mdogo, mtoto wa mwisho. Mteja mmoja aliyekuwa anakausha nywele akasema basi huyo ni "cousin" tu, binamu wa mbali. Mwenye saluni akatikisa kichwa. "Hayi," akasema. "Ubab'omncane." Baba mdogo! Jamani! Mwanamke huyu hajawahi kuliona ziwa letu, Uvira haijui iko wapi, na neno lilelile alikuwa nalo, mahali palepale. Nilijiuliza maneno haya yametembea tangu lini, na makaburi mangapi yameyapisha njia, mpaka yakafika Greyville kumtafuta mtu mwenye mashine ya kunyolea. Miaka mitano nililala nikijihesabu sina mtu katika mji huu, na baba yangu alikuwa nyuma ya ukuta.

Nikatoka mbio, shangazi nyuma yangu na kichwa chake cha nusu. Kinyozi alikuwa kazini, mteja kwenye kiti. Nikamwaga yote kwa pumzi moja. Nilitegemea atacheka, maana yeye hucheka kwa kila kitu. Akazima mashine. Akauliza jina la mzee mara mbili. Kisha akauliza, "Na rafiki yangu?"

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze, taratibu, kana kwamba mimi ndiye mdogo. "Mtu hali sahani moja na mkwe wake. Hamtaniani. Hamlali chumba kimoja. Nikikaa kwenye kiti kile, dada, nimemkosa."

Ee Mungu, hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nimeona baba niliyempata, sikuona mtu atakayepotezwa. Shangazi akasimama mlangoni. "Hakuna anayekulazimisha, mwanangu. Kwa watu wetu anayejua ni mimi. Ukitaka nisijue, sijajua. Lakini ukikaa, umekaa. Kiti hicho mtu hainuki."

"Eish," akasema mteja, "na kichwa changu je?"

Mchumba nilipomwambia alianza kwa kucheka, "Yule? Baba mkwe wangu?" Halafu kicheko kikakatika chenyewe. "Usimwombe," akaniambia. "Na mimi sitamwomba. Aseme mwenyewe." Wiki nzima wakala sahani moja kama kawaida, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Nilitamani kuwagonganisha vichwa. Nilikuwa nataka baba, na nilikuwa naogopa kumtaka.

Jumamosi ya kuposwa ikafika, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Wakwe walijaa upande wao. Upande wangu walikuwepo wasusi wenzangu, mchungaji, na kiti kitupu. Mimi nilikaa nyuma, nimefunikwa kitenge kama desturi, sioni kitu. Msemaji wao akauliza, "Hodi. Mwenye nyumba ni nani?" Akauliza tena. Nikamsikia mchungaji akikohoa, nikajua anajiandaa kuinuka kwa huruma, na machozi yakaanza kunitoka humo ndani.

Mlango ukafunguliwa.

Nilichungulia, potelea mbali desturi. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono imemfika vidoleni. Wazee wa upande wa pili wakaangua kicheko. "Kinyozi! Sisi tumekuja kwa baba wa binti, si kwa mdogo wake." Hakuwajibu mpaka alipokikalia kiti. Kisha akamtaja baba yake. Akamtaja kaka wa baba yake, aliyekwenda Kalemie. Akamtaja mtoto wa huyo. "Alinizidi umri, sikuwahi kumwona, na alikuwa kaka yangu," akasema. "Kaka yangu amekufa. Binti yake ni binti yangu. Semeni na mimi."

Kicheko kiliisha palepale. Nikaona mzee mmoja, mwenye umri wa kumzaa, akivua kofia. Mpaka leo kofia ile sijaisahau, kwa sababu haikuvuliwa kwa koti wala kwa ndevu, alikuwa hana hata ndevu. Watu wazima waliinamisha vichwa kwa sababu ya nafasi aliyozaliwa nayo katika ukoo, na yeye mwenyewe alikaa wima akiubeba uzito huo.

Walipomaliza kuomba, akaniita mbele. "Mwanangu, watu hawa unawajua? Nipokee mahari yao?" Mwanangu! Mtu niliyemtuma mkate. Nikapiga magoti, na haikuwa mchezo, magoti yalikwenda yenyewe. "Pokea, baba," nikasema. Neno hilo nilikuwa sijamwambia mtu aliye hai tangu nilipokuwa msichana, na nililia mpaka wasusi wenzangu wakanishika.

Chakula kikaletwa. Mchumba wangu akanawa mikono, akavuta sahani kubwa ya fufu na samaki, akainua macho kumtafuta mtu, kwa mazoea tu. Baba yangu alikuwa ameshakwenda kukaa na wazee, upande wa pili wa chumba, amewapa mgongo vijana wote. Mchumba akaisogeza sahani karibu, akala peke yake.

Jioni wageni walipoondoka tulibaki tunapanga viti. Mchumba, sasa mume wangu, alikunja viti vingi. Mwishowe akaniuliza kama baba yangu alikula. Nikamwambia alikula.

"Walimpa kichwa cha samaki?" akauliza. "Yeye anapenda kichwa."