Nyuzi Zisizojibiwa za Gerold Oltmanns

Kuna wanaume wanaofuga njiwa, na kuna wanaolewa pombe kila Jumamosi, na wake zao angalau wanajua cha kulalamikia. Almuth Oltmanns wa Westerstede, kaskazini mwa Ujerumani, hakuwa na bahati hiyo. Mumewe Gerold alikuwa mtu mwema. Wote wa jukwaa la vipasha joto walisema hivyo, tena kwa maandishi, na Almuth alikuwa amechoka kusikia wema huo ukisifiwa na watu ambao hawajawahi kumwomba abadilishe balbu.

Jukwaa hilo Gerold alilianzisha mwenyewe kwenye mtandao, enzi akiuza vipuri vya boila na mabomba. Mtu akiwa na boila inayonguruma au kipasha joto cha ukutani kisichopata moto, alifungua uzi, akauliza, akajibiwa bure. Mwanzoni lilikuwa jambo la kupendeza. Kisha wakaota mizizi wale wakongwe, akina Mbweha wa Boila na Bomba Mbili, kama walivyojiita humo, wanaume wastaafu ambao hakuna aliyewasikiliza majumbani mwao, nao wakaja na sheria. Mgeni aanze kwa kujitambulisha kwenye Ukumbi wa Wageni, aseme "Moin", salamu ya huko, kama mtu aliyelelewa, ataje aina ya boila yake, atafute kwanza majibu ya zamani, ndipo aulize. Aliyeuliza bila kusalimia aliachwa asimame hapo na swali lake, hata kama maji yanamdondokea kichwani.

Bila shaka nyuzi zisizo na majibu zikarundikana. Gerold akaona aibu, maana jina lake ndilo lililokuwa juu ya ukurasa. Akapata moduli ya nyongeza, kijiprogramu kilichotengenezwa na Mholanzi mmoja, akakipachika kwenye tovuti, akamwita mkewe.

"Almuth, njoo uone."

"Nina unga mikononi."

"Njoo tu na unga wako."

Kulikuwa na kisanduku chekundu pembeni mwa ukurasa wa mbele. Kila uzi ambao haujapata hata jibu moja ulijipanga humo, wa zamani zaidi juu.

"Hakuna atakayesahaulika tena," Gerold alisema. "Ukifungua tu, unaona nani anasubiri."

"Vizuri sana. Na kipasha joto cha bafuni kwetu nacho kitatokea humo?"

"Nitakiangalia."

"Ulisema hivyo tukiwa bado tunavaa mikono mifupi, mzee wangu."

Gerold alicheka, akarudi kwenye rangi za kisanduku chake. Alijiuliza kama wekundu ule haukuwa umezidi kidogo.

Moduli ile ilikuwa na akili ya kuku. Haikujua kusoma. Ilihesabu majibu tu, na neno lolote likiandikwa chini ya swali, hata "Soma sheria", swali lilihesabiwa limejibiwa na likatoka. Wakongwe waligundua hilo upesi kuliko walivyowahi kugundua boila mbovu. Kusaidia watu kukageuka kufagia kisanduku. Mtu wa Emden aliuliza kwa nini nyumba yake inanuka mafuta. Mbweha wa Boila akamwandikia, "Mkuu, kitufe cha kutafuta kipo kulia," na uzi ukatoweka. Kisanduku kikikauka walipongezana kama waliozima moto. Gerold naye, ambaye zamani angempigia simu yule wa Emden, alifurahi pamoja nao.

Bafuni, Almuth alioga akitetemeka. Nyumba nyingine yote ilikuwa na joto. Kilichokataa ni kipasha joto kile kimoja, chini ya vigae vya kijani ambavyo Gerold alivipanga kwa mikono yake mwaka waliooana, kimoja kikiwa kimepinda, nao wakacheka mpaka wakakaa chini sakafuni. Fundi wa mjini alikuwa hana nafasi hadi mwaka mpya. Tena ni fedheha gani hiyo, kumwita fundi kwenye nyumba ya Gerold Oltmanns.

Dada yake Almuth, Frauke, mjane, aliishi mji wa Leer na alikuwa na chumba cha ziada.

"Njoo kwangu msimu wa baridi," alimwambia kwenye simu. "Huyo atajua umeondoka siku chai itakapokwisha."

"Akikitengeneza kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, nabaki," Almuth alisema. "Asipokitengeneza, nakuja. Na najijua, dada. Nikija nakuja na cherehani."

Frauke alielewa kwamba mwenye kubeba cherehani harudi mwezi wa tatu, baridi ikiisha.

Basi Almuth akafanya jambo ambalo mwenyewe aliliona la kipuuzi. Alijisajili jukwaani kwa jina la Miguu Baridi, akafungua uzi. Aliandika kwamba kipasha joto cha bafuni hakipati moto tangu vuli ianze, vingine vyote vizima, mumewe anaijua kazi hiyo lakini hana nafasi, naye afanye nini. Akaweka na picha. Kipasha joto kilikuwepo, kigae kilichopinda kilikuwepo, na kando yake lilining'inia joho la kuogea la Gerold lenye mfuko uliochanika. Alijiambia kwamba mtu hawezi kukosa kulitambua joho lake mwenyewe.

Asubuhi Gerold alifika mezani amenuna. Almuth alimmiminia chai juu ya sukari ya mawe, akasikia ikipasuka kikombeni.

"Kuna mmoja anatuharibia kisanduku," Gerold alisema.

"Anataka nini?"

"Hajajitambulisha, hajasalimia. Anatutupia swali kama anatupa taka."

"Labda anasikia baridi."

"Kila anayekuja kwetu anasikia baridi, Almuth. Ndiyo maana kuna utaratibu."

"Picha yake umeiona?"

"Wote wanaweka picha. Ukianza kuangalia picha hutamaliza." Akainuka na kikombe chake. "Ngoja nimwondoe."

Almuth alibaki mezani akisikiliza vidole viwili vikigonga kibodi kule chumbani. Alipofungua simu yake, jibu lilikuwa limeshafika. Karibu jukwaani. Jitambulishe kwanza kwenye Ukumbi wa Wageni, kisha tafuta, swali hili limejibiwa mara nyingi. Na huyo mumeo mwambie aache uvivu. Chini yake Mbweha wa Boila alikuwa ameweka kidole gumba.

"Kisanduku kitupu," Gerold alitangaza kutoka chumbani, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa.

Almuth alikuwa amejiandaa kwa ukali. Hilo la mume mvivu hakulitarajia, na lilimuuma hasa kwa kuwa lilikuwa kweli na aliyelisema hakujua anamsema nani. Kwa hasira alifanya alichoambiwa: akatafuta. Jibu alilipata, la miaka mingi nyuma, Gerold akimwandikia mwanafunzi mmoja wa Kiel.

"Usiwe na wasiwasi, rafiki yangu," Gerold yule alikuwa ameandika. "Legeza pete, toa kile kichwa cha kuzungusha. Ndani utaona kipini. Kimekaa kiangazi chote bila kazi, kimekwama. Kisukume ndani taratibu kwa ubapa wa koleo, ukiachie, urudie mpaka kiwe kinarudi chenyewe. Usikivute nje. Kikikataa niandikie, tutakibembeleza pamoja. Mke wangu ananicheka kwamba naongea na vyuma."

Almuth alilia pale pale mezani, na aliona aibu kulia kwa ajili ya kipini. Huyu aliyeandika ndiye aliyemwoa. Alimtafuta nyumba nzima miaka yote hii, kumbe alikuwa amegawiwa wanafunzi wa Kiel.

Alichukua koleo. Kazi haikuzidi muda wa kuivisha yai. Kipini kilisukumwa, kikagoma, kikasukumwa tena, halafu maji yakasikika yakipita ndani, na chuma kikaanza kupata joto chini ya kiganja chake.

Mchana Gerold aliingia bafuni kunawa, akatoka anatabasamu.

"Si unaona? Kimejitengeneza chenyewe. Ulikuwa unaniharakisha bure."

"Naona," Almuth alisema.

Gerold alirudi kwenye kisanduku. Kulikuwa na mtu wa Aurich ambaye hakuwa amesalimia.

Jioni Frauke alipiga simu. "Vipi, bado mnaganda huko?"

"Hapana. Bafu lina joto zuri."

"Ah. Kwa hiyo amekitengeneza, huji tena."

Almuth alikuwa anaizungushia taulo cherehani yake isigongane njiani. Aliibana simu begani, akafunga fundo.

"Nakuja kesho," alisema. "Nilikuwa nadhani tatizo ni bafu."