Mama wa Manundu Anayekamua Betri Zilizochoka

Waya ni mwembamba kama unywele, na Mashavu Mwinjuma anauzungusha kwenye kipete cheusi cha chuma bila kuutazama. Midomo yake inacheza. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Nje, utingo wa basi la Handeni anaita abiria wa mwisho.

"Asiniache huyo," anasema, lakini hanyanyuki mpaka afike sitini.

Sitini ndiyo hesabu yenyewe. Analehemu ncha za waya kwa chuma alichokipasha kwenye jiko la mkaa, anapuliza, kisha anakifungia kifaa chote ndani ya kopo la rangi ya viatu. Kinaenea kiganjani. Anakitia mkobani na kukimbia, kanga mkononi.

Leo ni siku ya majaribio.

Mafundi wenzake wa Manundu, mtaa wa mji wa Korogwe, wanakiita kifaa hicho pampu, na jina limekikaa vizuri. Redio ndogo za siku hizi hutaka volti sita, yaani betri nne nzima. Betri mbili zilizochoka, zile ambazo watu huzitupa, kwa pamoja hazifikishi hata volti mbili. Ndani ya kopo, transista moja huukata na kuuachia umeme huo mdogo maelfu ya mara kwa sekunde, na kila unapokatwa, waya uliozungushwa huusukuma juu. Redio hupata sita zake.

"Betri iliyochoka haijafa," anaeleza ndani ya basi, akipaza sauti juu ya ngurumo ya injini. "Umeme bado umo, ila hauna nguvu ya kupanda. Mimi naupandisha tu."

Mwaka huu wa 1975 jambo hilo si dogo. Vijiji vipya vya Handeni vina vikundi vya kusikiliza redio, watu wazima wanaokaa pamoja kufuata masomo ya afya na kilimo. Redio wanazo. Betri hawana. Nne, zikipatikana, ni karibu shilingi sita, na duka la kijiji linaweza kukaa miezi miwili bila hata moja.

Mashavu ana umri wa miaka thelathini na sita. Kazi hii hakuisomea. Mumewe, Salimu, alitengeneza redio kwa miaka kumi na sita kwenye meza anayoitumia Mashavu sasa katika karakana ya ushirika, naye alikaa pembeni yake akisuka mikeka.

"Alikuwa akiniambia, 'Mke wangu, mimi nikihesabu mizunguko napotea. Hesabu wewe.' Basi nahesabu kama ninavyohesabu miyaa. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea."

Salimu alifariki miaka miwili iliyopita, siku ya tatu ya Ramadhani. Aliacha redio kumi na moja za watu zikiwa wazi mezani. Wenyewe walikuja kuzichukua, Mashavu akawaomba wasubiri.

"Sikutaka ziondoke pale zikiwa bubu," anasema. Zilimchukua miezi mitano. Zote zilisema.

Tangu hapo amekaa kwenye meza hiyo kwa ruhusa ya muda, akiingiza kama shilingi mia na themanini kwa mwezi. Sasa ushirika umemwandikia barua: mwisho wa mwezi meza itapewa kikundi cha washona viatu, asipopata kazi ya kudumu. Ofisi ya elimu ya watu wazima iko tayari kuagiza pampu ishirini, kwa sharti moja. Kijiji kitoe betri zake kilizozitupa, na redio iseme kwa saa moja bila kukatika.

Kwedimsasa, kijiji cha majaribio, ni mwendo wa saa moja kutoka Handeni mjini kwa gari la ofisi. Ofisa wa elimu, Ndugu Mdoe, amevaa saa yake na kushika daftari. Watu zaidi ya mia wamekwisha kaa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Mzee Sadala, anamwamkia mgeni, anapokea pampu kwa mikono miwili na kuingia nayo ofisini kutia betri. Anarudi nayo imefungwa tayari, anaiunganisha na redio, anawasha.

Redio inalipuka kwa sauti! Muziki wa dansi unajaa uwanjani, watu wanaruka, wanawake wanapiga vigelegele. Mdoe anacheka peke yake huku akiandika.

Mashavu hacheki. Ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango unaogongwa mbali.

"Sauti nzito mno," anasema. Anagusa kopo, anatoa kidole haraka. "Zima! Zimeni!"

Mzee Sadala anazima. Mashavu anafungua sehemu ya betri. Zilizomo zinang'aa, karatasi zake hazina hata mkwaruzo.

"Mzee wangu, hizi mpya."

"Mpya," anakiri Mzee Sadala. "Nilimtuma mtu Korogwe. Mama, umetoka mbali, na ofisa yupo. Tungekupaje vitu vya jalalani, wewe mgeni wetu? Tungeuweka wapi uso?"

"Ehee!" anadakia bibi mmoja mwembamba, Bi Tatu, kutoka safu ya wanawake. "Mwenyekiti, juzi nilikuomba betri ya tochi ukaniapia hakuna hata Tanga!"

"Wewe si mgeni, Bi Tatu."

"Basi kesho nahama, nirudi na kikapu!"

Kicheko kinavuma. Mdoe anainua kalamu. "Fundi, redio imesema. Mimi nimeona. Naweza kuandika hivyo tukamaliza."

Meza ya Salimu iko kwenye kalamu hiyo. Mashavu anaivuta kanga yake, anaikaza.

"Usiandike, Ndugu Mdoe. Pampu hii inapandisha kilichochoka. Ukiipa betri mpya inapandisha mno. Ingebaki hivi, redio ya kijiji ingeungua. Na kosa ni langu pia, nilipaswa kufungua kabla ya kuwasha. Tuanze upya."

Lakini upya kwa betri zipi? Hapo ndipo jambo jingine linapojulikana. Betri kuukuu za Kwedimsasa zote zilivunjwa wiki iliyopita, unga wake mweusi ukapakwa ubao wa shule. Ubao unang'aa kweli. Betri hakuna. Watu wanatawanyika kutafuta, wanafukua majalala, wanarudi na mbili zilizopasuka na kuvuja.

Mdoe anatazama saa. Gari lazima lirudi mjini kabla ya giza.

Ndipo Parsimei, mfugaji aliyekuwa akipita na ng'ombe kuelekea kisimani, anapochomoa tochi chini ya shuka lake.

"Hii haioneshi hata mguu wangu," anasema. "Betri zake mbili nimezianika juani siku nne. Wapi! Naibeba kwa mazoea tu."

"Niazime, baba," anasema Mashavu.

Anazitia mwenyewe mara hii. Anashika kopo, anangoja lipoe kabisa. Anawasha.

Kimya. Mkwaruzo. Kisha sauti ya mtangazaji, ndogo, safi, akianza somo la kuchemsha maji ya kunywa.

Hakuna anayeruka sasa, maana wanataka kusikia. Robo saa. Nusu saa. Ng'ombe wa Parsimei wameshakwenda kisimani na mwanawe Moreto, yeye mwenyewe amekaa chini, anakodolea redio macho. "Ndiyo tochi yangu inayosema hiyo?" anamnong'oneza Bi Tatu. "Ndiyo. Na inasema uchemshe maji." Saa moja inatimia, Mdoe anainua mkono, na uwanja mzima unamzomea akae chini, somo halijaisha.

Anaandika akiwa amesimama: pampu ishirini. Mashavu anaisoma karatasi mara mbili, anaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Garini, akirudi mjini, maneno yanamtoka kwa kasi. Anataka wanawake wawili wa Kwedimsasa wapelekwe Manundu wajifunze kuzungusha waya, na Bi Tatu awe wa kwanza, kwa kuwa ameuona mkeka aliousuka. Anataka pia kuongeza njia ndogo ndani ya kopo ya kuupunguza umeme unaozidi.

Pampu ishirini zitachukua muda gani?

"Miezi mitatu," anajibu, kisha anacheka kwa mara ya kwanza leo. "Na kila moja nitaijaribu kwa betri mpya kwanza. Sasa nawajua watu wangu."